Wenye Njaa Hawahami

Nilifundisha shule za msingi wilayani Makete tangu miaka ya 1980 mpaka nilipostaafu na kuteremkia Uyole, Mbeya, ninakoishi sasa. Karibu muda wote huo kazi ya kujaza fomu za uhamisho wa wanafunzi ilikuwa yangu. Si kwa cheo, ni kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Mzazi anayehama na watoto lazima apite ofisini. Anaingia, anavua kofia, mnasalimiana, mnaulizana habari za mvua na viazi, kisha unashika kalamu: mnahamia wapi? Hapo jibu lilikuja haraka. Chimala. Igurusi. Mafinga. Tunduma. Unauliza sababu. Hapo ndipo mtu alipoanza kujikuna shingo.

Kwenye fomu niliandika "kufuata wazazi", au "wazazi wanatafuta maisha". Mwalimu mkuu alisaini, muhuri ukagongwa, mtoto akapata karatasi yake. Lakini mzazi mara nyingi hakuondoka hapo hapo. Mambo ya serikali yakishakwisha ndipo maneno yalipotoka, tena mlangoni, mtu akiwa mguu ndani mguu nje. Ninayoyaandika hapa nimeyaokota zaidi pale mlangoni kuliko kwenye fomu, na mengine ni ya nyumbani kwetu.

Nikisikia redioni kwamba watu wanahama kwa sababu ya umaskini, huwa nabishana na redio jikoni kwangu. Umaskini upo, sikatai. Ila kwa miaka yote ile, kaya zilizokuwa maskini kuliko zote kijijini hazikuja kuomba uhamisho. Waliokuja walikuwa watu wa kati: mwenye ng'ombe wawili watatu, mwenye kipande cha miti ya mbao, mwenye shemeji Usangu, bonde la mpunga kule chini. Mtu wa njaa hasa, yule anayekopa unga kwa kibakuli, hana nauli, na hata akipewa nauli hana wa kumpokea aendako. Mkono mtupu haulambwi, na ugenini ndiko usikolambwa kabisa.

Kwa asiyeijua Makete, ni nchi ya milima iliyosimama. Baridi ya Juni na Julai inaweza kuua viazi vya vinyungu, yale mashamba ya mabondeni ya kiangazi, usiku mmoja tu. Asubuhi unakuta majani yamesinyaa na kuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Juu kuna uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wageni huja kuangalia maua yake. Ukitoka Matamba kuteremka, barabara inajikunja kona 57 mpaka Chimala, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA. Kwa watu wa upande ule dunia imegawanyika hivyo: juu kwenye baridi, chini kwenye mpunga na magari, na katikati zile kona.

Wazazi wetu walisomesha watoto kwa pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Maua yalichumwa, yakakaushwa, yakapelekwa ushirika, na mwisho wake yaliingia kiwandani Mafinga. Dawa za kutengenezwa maabara zilipochukua soko la dunia, bei ikaporomoka, wengi wakaing'oa wakabaki na viazi mviringo. Na viazi navyo vina mambo yake. Mnunuzi anakuja na lumbesa, lile gunia linaloongezewa kichwa juu na kufumwa kwa kamba mpaka linafanana na mjamzito, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, kila mtu anajua inakataza, na kila mtu ameiona lumbesa ikipakiwa mchana kweupe. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimwambia mnunuzi, "Baba, hilo gunia lako lina mimba, na mimba ni yangu." Walicheka wote wawili. Bei haikubadilika.

Lakini hata lumbesa haihamishi watu peke yake. Kinachohamisha ni hesabu, na hesabu yenyewe ni ya ardhi na watoto. Kuna baba mmoja alikuja kuwahamisha wanawe wawili kwenda Igurusi. Alikuwa na nyumba ya bati, kuku wengi, shamba linalolika. Nilimuuliza pale mlangoni, wewe nawe unakimbia nini? Akanijibu, "Mwalimu, nina vijana wanne. Nikiwagawia hili shamba, kila mmoja atapata pa kuzikwa." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyekwisha kulipima kwa hatua zake, na nina hakika alikuwa amelipima.

Yule baba alikuwa anakula. Mkewe alikuwa anakula. Hakuwa anahama kwa ajili ya mwaka ule wala mwaka uliofuata. Alikuwa anahama kwa ajili ya siku ambayo mwanawe wa mwisho angetaka kuoa, na huyo mwana wakati huo yuko darasa la pili, hajui kufunga vifungo vya shati. Wanaotushangaa kwamba "mbona mlikuwa na maisha tu" hawalioni hilo. Familia haihami kwa sababu leo ni mbaya. Inahama kwa sababu imetazama kesho kutwa ikaona hapatoshi.

Na haihami kwenda popote. Inahamia kwa mwenyeji. Katika watu wote niliowajazia fomu, sikumbuki mmoja aliyekwenda mahali asikojua mtu. Alikuwapo kaka, au binamu, au mtu tu wa kanisa moja, aliyetangulia, akakodi eka ya majaruba ya mpunga, akavuna, akarudi Krismasi na shati jipya na mchele wa kugawa. Mchele ule ulihamisha watu kuliko hotuba yoyote. Ulifika kwenye nyumba za wala viazi, ukapikwa, ukanukia kijiji kizima, na Januari tayari benchi la ofisini lilikuwa na wazazi.

Nimeshuhudia virago vikifungwa mara nyingi, na nyumba moja naikumbuka zaidi kwa kuwa tulipakana ua. Lori la viazi ndilo lililokuwa usafiri, kwa hiyo mizigo ilipangwa juu ya magunia. Godoro lilikunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Sufuria ziliingizwa moja ndani ya nyingine, ndani ya ile ndogo wakatia chumvi na kiberiti ili kupika kuanze siku hiyo hiyo wakifika. Majembe yalitolewa mipini; mpini utapatikana popote, alisema yule baba. Kuku walikaa kwenye tenga. Mlango wa nyumba hawakuuacha. Waliung'oa na bawaba zake wakaupandisha, kwa kuwa mbao za juu kwetu ni nzuri na huko chini mlango ni gharama. Bibi mzaa baba aligoma kupanda. Alikuwa amekaa kwenye kigogo nje, kanga mbili mabegani, akiwaelekeza namna ya kufunga kamba. Mwanawe alipomwambia mara ya mwisho, "Mama, twende," alimjibu, "Nani atakuwa anawapokea mkirudi kuzika?" Basi wakamwachia mjukuu mmoja wa kuchota maji, wakatengeneza mlango mwingine wa mabanzi, lori likaondoka.

Yule mjukuu sikumjazia fomu. Alibaki darasani kwangu. Na hili nalo nililiona karibu katika kila nyumba: familia haihami yote. Daima kuna anayeachwa kulinda makaburi, shamba na jina, na kwa kawaida anayeachwa ni mzee, au mtoto, au mwanamke ambaye hakuulizwa. Kwa upande wa wanawake niseme kidogo. Sisi tumehama tangu zamani, kila mmoja wetu, kutoka kwa baba zetu kwenda kwa wakwe zetu, tukiwa na sanduku moja na mtu wa kutusindikiza. Hakuna aliyetuandikia sababu. Ikaitwa kuolewa, yakaisha.

Sasa zile sababu za mlangoni. Nyingi hazikuwa za kutafuta maisha hata kidogo, zilikuwa za kukimbia watu. Mjane aliyekuwa anataka kuondoka kabla shemeji hajaleta habari za kumrithi. Ndugu wawili waliogombana mpaka wa shamba hadi mmoja akaokota shoka, na aliyekuwa na akili zaidi akaamua kuhama. Mtu aliyefiwa na watoto wawili mfululizo, akanong'onezwa kwamba jirani anamchezea. Usinicheke kwa kuliandika hilo. Mwalimu anaweza asiamini uchawi, lakini lazima aamini kwamba mtu anayeuamini hataweza kulala pale. Hizo zote kwenye fomu zilikuwa "wazazi wanatafuta maisha".

Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 sababu ikawa moja, na hakuna aliyeitamka. Makete ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopigwa vibaya zaidi na ukimwi nchini. Vijana walikuwa wanashuka kwenda kutafuta, Mbeya, Makambako, Dar es Salaam, mashamba ya chai Mufindi, na ugonjwa ukapanda kwa barabara ile ile waliyoshukia. Wengi walirudishwa nyumbani kuuguzwa na mama zao. Darasani nilikuwa na watoto wanaolelewa na bibi kwa safu nzima ya madawati. Nyumba zilizobakiwa na nguvu zilihama kwa woga wa kuzika tena. Nyingine hazikuwa na wa kumhamisha. Mwaka 2012 sensa ilikuta Makete ina watu wachache kuliko ilivyokuwa mwaka 2002, wakati nchi nzima iliongezeka kutoka milioni 34 hadi karibu milioni 45. Sisi tulioita majina asubuhi tulikuwa tumeshaijua takwimu hiyo kabla makarani hawajaja.

Kuna njia nyingine ya kuhama ambayo sisi Wakinga, watu wa Makete, tunajulikana kwayo, na tunachekwa kwayo pia: duka. Kijana anamaliza darasa la saba, anapelekwa kwa ndugu mwenye duka Mwanjelwa au Kariakoo. Analala dukani, anakula hapo, hapati mshahara. Miaka inapita. Akionekana si mwizi na si mlevi, yule ndugu anamkabidhi mtaji na kumtafutia fremu. Naye baada ya muda anamwita mdogo wake. Watu wanashangaa Mkinga mmoja anawezaje kuingia mtaa na baada ya miaka kadhaa mtaa mzima wanasalimiana Kikinga. Siri ni hiyo tu. Hakuna benki iliyohusika.

Kwa wasichana hakukuwa na duka. Kulikuwa na kazi za ndani. Mama mmoja nadhifu huja kijijini mwezi wa mtihani wa darasa la saba, anazungumza na wazazi vizuri, anaahidi cherehani au kusomeshwa ushonaji, anaondoka na binti wa miaka kumi na tatu kwenda Dar. Dar wenyewe wakitaka msichana wa kazi husema "nitafutieni wa kutoka Iringa", yaani sisi wote wa nyanda za juu tumewekwa kapu moja. Nimeona waliorudi na cherehani. Nimeona zaidi waliorudi na ujauzito, au na mshahara wa miaka miwili ambao "ulitunzwa na mama" na haukuonekana tena. Wazazi wanaomtoa binti hivyo nao wanasema wanamtafutia maisha, na sijawahi kukubaliana nao. Kuhama kwa mtu mzima aliyepima shamba lake kwa hatua ni jambo moja. Kumtuma mtoto akawe ndiye nauli ya familia ni jambo jingine, na mimi sitaliita kwa jina lile lile.

Nyumbani kwetu nako hatukubaki salama. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, na ujanani alikwenda Wenela, yaani aliandikishwa kwenda kuchimba dhahabu Johannesburg. Kwa nini? Kodi ilikuwa inadaiwa kwa shilingi, na ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee. Kijana asiye na fedha alikuwa chini ya wazee mpaka wapende wenyewe. Mgodi ulikuwa njia ya kuoa bila kumsubiri mtu. Wengine wa rika lake walikwenda migodi ya shaba upande wa Kitwe na Mufulira, wengine dhahabu ya Lupa huko Chunya. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali ilizima uandikishaji wa Wenela, kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa ya makaburu. Babu alibaki na blanketi nene na kikohozi.

Kwa hiyo mwaka 1998 mdogo wangu wa kiume alipotamka "Sauzi" mbele ya wazee, halikuwa jina geni. Kikao kilikaa jikoni, moto katikati, ulanzi kwenye kibuyu, na mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa na mshahara. Alikuwapo baba na baba wadogo wawili. Hoja ya baba ilikuwa fupi. Mkubwa amebaki na shamba. Wa pili yuko dukani Mbeya. Huyu wa tatu aende mbali. "Mvua ikinyima hapa, Mbeya itanyesha. Mbeya ikinyima, huko kwa Mandela kutanyesha." Nauli ingetoka kwenye miti, paini alizopanda baba ukingoni mwa shamba, ambazo hazikuwa zimekomaa kwa mbao nzuri. Baba mdogo alipinga: miti ile ni ya wajukuu. Baba akamjibu, na hao wajukuu watatoka wapi, kama huyu hana pa kujenga wala mahari? Kimya. Mama hakuulizwa, ila ndiye aliyeinuka na kusema, "Basi nguo zake nizifue kesho, keshokutwa kutakuwa na mawingu." Hivyo ndivyo tulivyojua kikao kimekwisha.

Miti iliuzwa ikiwa imesimama, kwa bei ya aibu, kwa mfanyabiashara wa mbao aliyejua tuna haraka. Mdogo wangu akapita Tunduma, Nakonde, Lusaka, akavuka Zambezi pale Chirundu, Harare, akaingia kwa Beitbridge. Alitufikishia habari baada ya muda mrefu, kwa barua yenye picha. Amesimama ameegemea gari jekundu. Gari halikuwa lake, lakini picha haikusema hivyo, na kijijini hakuna aliyeuliza. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba walikuwa wanalala chumba kimoja watu saba Durban, wakipokezana godoro. Chumba hicho hakikupigwa picha. Ndivyo mambo yanavyokwenda: anayehama anatuma upande mmoja wa maisha yake, kwa heshima ya waliouza miti, na upande huo mmoja ndio unaomwita anayefuata. Wawili kutoka kijiji chetu waliondoka baada ya ile picha.

Fedha alituma. Nisiwe mwizi wa fadhila. Kwanza kwa mikono ya madereva wa malori mpaka Tunduma, ambako randi ilibadilishwa kuwa kwacha na kwacha kuwa shilingi, kila kituo kikimega chake. Simu za fedha zilipoanza huku kwetu mwaka 2008 angalau kipande cha Tunduma hadi Makete kikawa cha dakika moja. Kwa fedha hizo watoto wawili wa kaka mkubwa walisoma sekondari, mama akatibiwa hospitali ya Ikonda, nyumba ikaezekwa upya. Akaoa, mkewe akamfuata, wakazaa huko.

Aprili 2015 vurugu dhidi ya wageni zikazuka Durban. Duka lao dogo lilivunjwa na kubebwa kila kitu hadi mizani. Walilala na watoto kwenye mahema ya waliokimbia makazi, Chatsworth. Serikali ya Tanzania ilikuwa inarudisha waliotaka kurudi, na baadhi walirudi. Mama alishika simu kwa mikono miwili, akapaza sauti kama anamwita mtu wa ng'ambo ya bonde: rudi, mwanangu, rudi nyumbani, viazi vipo. Tulikuwa tumeweka simu kwa sauti ya wote. Mdogo wangu alinyamaza, kisha akasema, "Nirudi kwenye nini, mama? Miti si mlishauza."

Hakumlaumu mtu. Alikuwa anapiga hesabu ile ile ya baba, kwa upande wa pili. Tangu siku hiyo sina hamu na watu wanaouliza kwa nini fulani asirudi kama huko kubaya. Nauli ya kwenda mara nyingi ni ile ile iliyokuwa riziki ya kurudia. Alihamia mji mwingine wa ndani, akaanza na kazi ya kinyozi. Wanawe wanaongea Kizulu, na Kiswahili chao ni cha kusalimia bibi kwenye simu.

Nirudi Usangu kidogo, kwa kuwa dada yangu aliolewa Igurusi na kupitia kwake niliona jambo ambalo juu Makete hatukuliona. Sisi tuliita kule kutafuta maisha. Wasangu tuliowakuta waliita vingine. Kabla ya Uhuru walishakuja Wabaluchi wakachimba mifereji na kulima mpunga Rujewa. Wakaja Wanyakyusa, Wabena, sisi. Wakaja Wasukuma na makundi ya ng'ombe. Kila aliyefika aliona bonde pana lisilo na mwisho, na kila mmoja akafungulia maji kidogo. Kuanzia 1993 mto Ruaha Mkuu ukawa unakatika kiangazi, ule ule unaopeleka maji Mtera kuzalisha umeme. Mwaka 2006 serikali ikawaondoa wafugaji na mifugo yao Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, wengi wakasukumwa hadi Lindi, na mwaka 2008 Hifadhi ya Ruaha ikapanuliwa kuingia bondeni. Dada anasimulia malori yaliyobeba ndama, na mama wa Kisukuma aliyepita kuomba maji akiwa na mtoto mgongoni na redio mkononi. Mume wake alikuwa amehama kwa hiari kutoka kwao kutafuta malisho. Mara hii hakukuwa na hiari. Fomu yake ingeandikwaje?

Mambo ya juu sasa yamegeuka kwa namna ambayo baba asingeitabiri. Barabara ya Njombe hadi Makete ina lami. Parachichi, paini na viazi vya mbegu vimeipandisha ardhi thamani, na wanaoinunua ni wale wale waliohama: Mkinga wa Kariakoo, Mkinga wa Tunduma, mdogo wangu wa Sauzi. Wanapiga simu, wanatuma fedha, shamba linapandwa miti bila mwenyewe kuligusa. Walioshindwa kuhama ndio vibarua wa kupalilia. Yule baba wa vijana wanne alirudi kununua upande wa jirani yake. Alimkuta jirani ana shida ya ada, wakaelewana siku moja.

Mwaka jana nilipanda kusimamia palizi ya miti ya mdogo wangu. Miongoni mwa vibarua alikuwapo kijana wa nyumba iliyokuwa ya mwisho kabisa kijijini, mjukuu wa bibi aliyekuwa akikopa unga kwa kibakuli. Nyumba ile haikuwahi kunijia ofisini. Mapumziko ya mchana alikuja akachuchumaa karibu yangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mwalimu, pasipoti siku hizi ni shilingi ngapi?"

Nikamwambia 150,000, na awe na kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Akasema cheti anacho, NIDA anayo namba tu. Fedha anaziweka za palizi, na kuna mbuzi. Nikamuuliza swali nililowauliza wote: unakwenda wapi, na kwa nani? Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha jina.

"Kwa mdogo wako, mwalimu. Tumeshaongea."